Leo Sikupewa Kiti

Ikwiriri, Rufiji

Dada Mghoi,

Hamjambo hapo Voi? Huku jua linachoma, ila mpunga umevunwa na kila nyumba inanukia wali wa nazi.

Nilipokuaga nije kununua ufuta, kwa kuwa siku hizi hata sisi wanunuzi binafsi tunaruhusiwa, si vyama vya ushirika tu, uliogopa nitakufa na upweke. Kweli mwanzoni ilikuwa hivyo. Kila penye shughuli walinitolea kiti na soda: "Mgeni wetu wa Kenya, karibu!" Nikakaa peke yangu kivulini kama picha ya ukutani, wenzangu wanacheka huko jikoni.

Leo jirani yangu Bi Somoe anamwoza bintiye. Nimefika, kiti hakuna. Kanitazama juu mpaka chini: "We Wakio, saa hizi ndiyo unakuja? Nazi zako akukunie nani?" Akanisukumia mbuzi ya kukunia, nikajifunga kanga kiunoni, nikakaa. Dada, sijawahi kugombezwa nikafurahi hivi! Tumekuna, tumetaniana, mbavu zinaniuma mpaka sasa.

Mara akaingia mwalimu mpya kutoka Iringa, kasimama mlangoni hajui mikono aiweke wapi. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikipaa kuliko zote: "Jamani, mleteeni mgeni kiti!"

Nisalimie mama, mwambie mwanawe ana watu. Hilo doa pembeni ya kadi hii ninayokuandikia ni tui, usilifute.

Mdogo wako akupendaye,
Wakio