Karata Zilizojaa Nyumba ya Bibi

Jumapili. Mvua tangu asubuhi, hapa kijijini Katindiuka kote ni tope na harufu ya mpunga mbichi. Sina raha.

Leo tumesali misa ya kumwombea bibi, mwaka mmoja tangu atutoke. Baada ya chakula baba mdogo akasimama: "Sasa tumsikilize bingwa wetu. Kichwa chake hakisahau kitu huyu, atatukumbushia mama." Wakapiga makofi. Mimi ndiye bingwa wa taifa wa mashindano ya kumbukumbu. Nipe karata zilizochanganywa, nizitazame mara moja, nitakutajia zote kwa mpangilio.

Siri yake si kubwa. Unavipanga vitu kichwani ndani ya nyumba unayoijua vizuri, kisha unapita ukiviokota kimoja kimoja. Nyumba yangu ni ya bibi. Nimekulia humo, na ndiyo iliyonipa vikombe vyote.

Basi nikafumba macho, nikaingia jikoni kwake. Kwenye kigoda amekaa mfalme wa kopa. Juu ya kinu, saba ya shupaza. Nikakimbilia shambani, kwenye dungu, kile kichanja kirefu tulichokuwa tukipanda mimi na yeye kuamia, kuwafukuza ndege wasile mpunga. Nako karata tupu.

Bibi hakuwepo.

Nikafumbua macho, ukoo mzima unanisubiri. Shangazi akaniokoa: "Mwacheni jamani, ana uchungu." Ni kweli nilikuwa na uchungu, ila si ule aliodhani.

Wageni walipoondoka nikajifungia jikoni. Nikaanza kuzitoa karata kichwani, taratibu, nazo zinarudi kama kuku waliozoea ndani. Ilitangulia sauti ya bibi, akiwafokea ndege kama mawifi wakorofi: "Nendeni mkalime kwenu!" Kisha kile kicheko chake kisicho na meno. Nikacheka peke yangu, halafu nikalia sana.

Jumamosi natetea ubingwa wangu Dar, na nimeamua: nyumba ya bibi siiingii tena na karata. Nitatumia njia ya kutoka stendi hadi sokoni. Nimeijaribu jioni hii, nimekosa karata nyingi mpaka nikaona aibu. Kocha atasema nimerogwa. Naogopa, sitaki kujidanganya.

Lakini kikombe naweza kukitafuta tena mwakani. Bibi mwingine nitampata wapi?