Pua ya Pietramorra

Jumanne, 3 Novemba 1987

Nimefika. Basi limechelewa saa nzima, miguu imevimba. Ruggero, mwenyekiti wa ushirika wa mvinyo, alikuja kunipokea kituoni na trekta lake. Akapaza sauti uwanja mzima usikie: "Pua imefika! Sasa tunaweza kulala." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nikapanda trekta haraka, nisiulizwe kitu.

Maana pua haipo. Haya, nimeiandika. Tangu mafua ya Septemba sisikii harufu ya kitu chochote. Hii ni wiki ya saba. Kule Campobasso kwa mwanangu maziwa yaliungua nikiwa nimesimama kando ya jiko. Mkwe wangu akaja mbio kutoka chumbani, na mimi nikashangaa anakimbilia nini. Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Huenda! Hilo hata mimi ningejiambia bila kupanga foleni.

Nipo kwa mdogo wangu Nunziata, nyumba tuliyozaliwa, ile iliyojengwa juu ya ngazi za uwanja wa michezo wa Warumi. Ukuta wa chumba changu umepinda kufuata ngazi, kabati halijakaa sawa tangu enzi za babu. Kila kitu kiko pale pale. Mimi tu ndiye niliyebadilika.

Nilipaswa kuandika barua. Mwaka huu siji, naumwa, mtafuteni mwingine. Karatasi niliitoa mara tatu, nikairudisha mara tatu. Kule kwa mwanangu mimi ni bibi wa kumenya viazi. Hapa, siku kumi kwa mwaka, wanaume wazima wananivulia kofia. Naogopa kupoteza pua na heshima kwa mkupuo mmoja. Ndiyo hivyo, wala sijitetei.

Jumatano, 4 Novemba

Nimejaribu tena asubuhi. Kahawa — hakuna. Kitunguu saumu — hakuna. Mafuta ya taa ya Nunziata, nikaisogeza pua mpaka kwenye mdomo wa chupa. Macho yamewasha, machozi yametoka. Harufu, hakuna.

Mchana Nunziata akaniita jikoni: dada, hebu nusa, sosi imeshika chini? Nikasema imeshika kidogo. Kumbe haikushika hata kidogo. Akanitazama. Nikasema nakutania, akanipiga na kitambaa cha sahani. Nikapona.

Jioni mwanawe Mirella akarudi kutoka kazini. Anakata tiketi kwenye lango la magofu. Leo wameingia Wajerumani wanne na mbuzi wa Iacovone, na mbuzi hawakulipa. Akanitandikia kitanda, akasimama na blanketi mkononi.

"Mama mkubwa, mwaka huu hulalamiki harufu ya dawa ya nondo kwenye blanketi? Kila mwaka unanifokea."

Nikasema mtu huzoea. Akasema, haya. Huyu binti ana macho. Na pua anayo, ile ya baba yetu hasa. Mji mzima unasema siku moja chaki yangu itakuwa yake.

Chaki! Nikiiona tu mfukoni mwa koti natazama pembeni. Utaratibu ni ule ule wa enzi za baba. Kila nyumba ina pipa lake. Muonjaji anaingia peke yake na glasi, wenye nyumba wanasubiri mlangoni. Hakuna anayeonja kabla yake, hakuna anayebisha baada yake. Akichora duara kwenye pipa, mvinyo unakwenda kwenye tangi la ushirika. Akichora mstari, unabaki nyumbani. Siku ya Mtakatifu Martino, tarehe 11, mapipa yote ya duara yanamiminwa pamoja. Tangi ni moja. Familia ishirini na tatu. Pipa moja bovu likiingia, mwaka mzima wa watu unanuka. Ndiyo maana wanahitaji pua, na wamepata mimi!

Alhamisi, 5 Novemba

Nimeanza. Nyumba nne.

Ulimi bado upo, namshukuru Mungu. Uchachu naujua, uchungu naujua, na ule mkwaruzo wa siki kooni naujua. Naangalia rangi kwenye mwanga wa taa. Nausukasuka mdomoni, nahesabu mpaka kumi, natema. Kwa nje mtu akiniona atasema ni Ersilia yule yule.

Kwa Iacovone koo likawaka. Siki! Nikachora mstari. Mkewe akafunika uso, lakini mwenyewe akasema alilishuku tangu wiki iliyopita, ila hakutaka kunitangulia. Ruggero akawageukia watu: mnaona? Hata kwenye baridi hii, hakosi.

Nimerudi nyumbani nikala sahani mbili. Sijui nilichokula, ila kilikuwa na chumvi.

Jumamosi, 7 Novemba

Nyumba kumi na mbili mpaka sasa. Duara, duara, duara. Huenda ulimi unatosha. Huenda hata baba alitumia ulimi, na pua ilikuwa mbwembwe tu.

Siamini nilichoandika hapo juu.

Jumapili, 8 Novemba

Kanisani padri kazungumzia mawakili waaminifu. Nilitazama viatu vyangu misa nzima.

Nje akanifuata Quintino. Miaka sabini na moja, koti lile lile la msiba. Februari alimzika Carmela wake. Juni mvua ya mawe ikampiga mizabibu, kabakiza mistari ya chini tu. Mwaka huu ana pipa moja. Pipa lenyewe ni la marehemu baba yake, kwa sababu yale mapya aliyauza wakati wa ugonjwa. Akasema amelisugua siku tatu kwa maji ya moto na mnyororo, kama Carmela alivyokuwa akifanya. Nikamuuliza mvinyo umetokaje. Akasema hajui, hajatia hata tone mdomoni. Anangoja mimi.

"Ukisema mbaya, mdogo wangu, nitaumwaga mwenyewe na sitakununia," akasema. "Ila nikwambie kweli, najua hutasema."

Nilitaka kumwambia pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha Ruggero akaja na stori zake za trekta, nikaufunga.

Sikula mchana. Nunziata anadhani ni nyongo.

Jumatatu, 9 Novemba

Nyumba sita, ya mwisho kwa Quintino. Pipa lake liko chini ya kuba la bafu za Warumi, pale maji yanapotiririka ukutani tangu tuko watoto. Nikaingia peke yangu. Mirella na Ruggero wakabaki mlangoni pamoja naye.

Nikajaza glasi. Rangi nzuri. Nikanusa kwa sababu wananitazama mgongoni — hakuna. Nikaonja. Uchachu wake sawa. Koo haliwaki. Nikaonja tena. Nikahesabu mpaka ishirini. Kila ulichoulizwa, ulimi ulijibu ndiyo.

Nikachora duara. Quintino akanishika mkono wa chaki akaubusu, na machozi yake. Ruggero akakohoa kohoa. Akasema kwa heshima ya Carmela, pipa hili ndilo litakalotangulia kumiminwa.

Njiani Mirella kabeba glasi kwenye kitambaa kama kawaida. Tukapita lango la magofu. Kisha akauliza, polepole: mama mkubwa, umeupenda kweli? Nikasema nimeupenda. Akauliza tena. Nikamfokea mbele ya Ruggero, kwamba siku akipewa chaki ndiyo aulize. Uso ukamwiva. Akatutangulia nyumbani.

Sijawahi kumfokea mtoto yule. Sijui kwa nini — la, najua.

Jumanne, 10 Novemba

Nyumba tano za mwisho asubuhi. Duara zote. Mkono wenyewe unachora, mimi simo.

Baada ya chakula Nunziata kaenda kwa jirani kuoka mkate wa kesho. Mirella akaingia chumbani kwangu, akafunga mlango. Akaweka mezani vikombe viwili vimefunikwa kwa kitambaa. Akaniambia nifumbe macho, nichague chenye kahawa.

Nikamuuliza huu ni mchezo gani. Akasema ni mchezo mdogo, kwa mama mkubwa si kitu. Nikafumba. Nikachagua cha kushoto, nikasema kahawa, mbona hata mtoto anajua.

Vyote viwili vilikuwa dawa ya nondo.

Hapo nikafanya jambo baya zaidi. Nikamwambia anaitaka chaki yangu. Kwamba anavizia, kwamba babu yake angemwonea haya. Nilisema mengi. Alikaa kwenye kitanda akasubiri nichoke. Nikachoka.

Akaniambia jana alipoosha glasi ya Quintino karibu aitupe. Uvundo. Pipa limeota ukungu ndani ya mbao, na uvundo wote umeingia kwenye mvinyo. Ulimi hauwezi kujua, hiyo ni kazi ya pua peke yake. Quintino mwenyewe hawezi kujua, analala juu ya kuba lile, pua yake imeuzoea uvundo huo. Pale mlangoni Ruggero alidhani ni ukuta ndio unaonuka.

Nikasema basi nitakwenda kwa Ruggero niseme nimefikiri upya, nilifute duara la Quintino, yaishe. Mirella akatikisa kichwa.

"Na yale mengine ishirini na moja, mama mkubwa? Nani amenusa?"

Nilikaa chini.

Akasema yeye hatamwambia mtu. Akisema yeye, watasema anataka nafasi yangu, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema hivyo, maana nimeshasema. Kweli tupu. Akasema inatakiwa nitamke mwenyewe, kabla pampu ya tangi haijawashwa, ili yote yanuswe upya. Kisha akanishika bega, akauliza tangu lini. Nikamwambia. Akasema, "Wiki nane peke yako?" Hapo ndipo nililia.

Mficha maradhi kilio humfichua. Nilikuwa nikimwambia mama kila alipokataa kwenda hospitali. Ni rahisi kumwambia mtu mwingine.

Naandika hapa maneno ya kusema kesho. *Ndugu zangu, nimewadanganya.* Hapana. *Ndugu zangu, tangu Septemba naumwa.* Hapana, huo ni ujanja. *Quintino, pipa lako* — siwezi.

Jumatano, 11 Novemba. Mtakatifu Martino

Asubuhi, ofisi ya ushirika. Nimeomba nikae kidogo. Ruggero amewaambia watu waniache, ninaandika hotuba.

Nilipanga kumwona Ruggero nyumbani kwake saa moja. Nikafika, kumbe ameshatoka alfajiri kwenda kuyapanga mapipa. Nikarudi uwanjani, tayari kuna watu mia, njugu za chestinati zinachomwa, bendi ya shule inapuliza. Nikajiambia nitamvuta Ruggero pembeni. Akanivuta yeye, kunionyesha tangi lilivyosafishwa. Nikajiambia baada ya baraka za padri. Padri amebariki. Sasa nimeingia huku na daftari, na huku nako dirisha linatazama uwanja.

Mapipa ishirini na mbili kwa mstari. La Quintino mbele, wamelifunga utepe. Amevaa suti ya harusi yake, inambana mabegani. Amemleta pia dada wa marehemu Carmela kutoka Isernia, bibi wa miaka themanini, wamemweka kwenye kiti.

Mirella yupo mlangoni, kaegemea. Hanihimizi. Nimemuuliza watanitazamaje. Akasema hajui. Nikamuuliza kama watanialika tena mwakani. Akasema pia hajui, ila kitanda kipo. Ningependa angedanganya kidogo.

Mwandiko huu mimi mwenyewe kesho sitaweza kuusoma.

Ruggero ameingia. Amesema wanajaribu pampu kwa maji, dakika tano, kisha Quintino anaomba mimi nifungue pipa lake kwa mkono wangu. Ndilo ombi lake la pekee. Nikasema Ruggero, zima pampu. Akasema inajaribiwa tu, dada, ni maji. Nikasema najua ni maji, izime, na niitie Quintino. Aje peke yake. Akacheka, akauliza kuna siri gani ya wazee. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka, akatoka.

Pampu imezimwa. Bendi nayo imenyamaza, sijui nani kaiambia. Mirella amesogea kumpisha mtu mlangoni.

Namwona Quintino dirishani. Ametoka kwenye watu, anakata uwanja kuja huku. Anafunga kifungo cha koti, amevua kofia, anatabasamu. Anadhani namwita nimpongeze. Naweka kalamu chini; nitaanza na pua yangu.