Mtufaha Namba Tisa

Jumatano, 1 Septemba 1954

Nimevuna! Matufaha kumi na moja, yote ya mti namba tisa. Miaka sita hapa Kituntu, miche arobaini, imebaki kumi na saba — na huu peke yake ndio umezaa. Najua kwa nini. Mwezi wa tatu ng'ombe wa jirani yangu Rwegoshora walivunja ua wakala majani yake yote. Nililia siku ile. Kumbe! Mwezi haukwisha, mti ukachanua.

Basi leo, baada ya kuvuna, nimeunyonyoa majani kwa mkono. Hata moja sikubakiza. Miti mingine nimeiacha na majani yake, ya kulinganisha. Namba tisa ukichanua tena, si bahati. Ndiyo njia ya kuuamsha mtufaha katika nchi isiyo na baridi kali.

Mama alikuwa akinitazama. Tangu baba afariki anakaa nami hapa kwenye bustani ya majaribio. Akauliza mti umekosa nini. Nilicheka tu, sikumweleza.

Jumatatu, 6 Septemba

Barua kutoka Bukoba. Bwana Shamba anakuja Jumamosi tarehe 2 Oktoba. Asipoona cha maana, mitufaha yote ing'olewe, ipandwe kahawa. Miaka sita yangu! Projest karani anasema afadhali, nitapumzika kuitwa Adamu kila nikipita sokoni. Yeye anaona mzaha.

Siku ishirini na sita. Ee Mungu, maua tu. Siombi matunda.

Jumanne, 14 Septemba

Vitumba vya maua! Thelathini na viwili, vimevimba, vina manyoya kidogo. Namba kumi, jirani yake — hakuna hata kimoja. Nimevihesabu mara tatu kama mwendawazimu.

Kesho napanda lori kupeleka matufaha sita Bukoba yakapimwe. Nitarudi Jumamosi.

Jumamosi, 18 Septemba

Namba tisa haupo.

Mungu wangu. Haupo.

Jumapili, 19 Septemba

Sikwenda kanisani.

Ni Mama. Jana nilimkuta na panga, uso wote furaha. Akasema, mwanangu, kazi imekushinda, shamba unaliacha chafu. Mti umeshazaa, umeshakauka, unangoja nini? Kwa hiyo amenikatia. Kama mgomba! Mkungu ukishashuka, mgomba mama hukatwa ili mtoto apate nafasi. Tangu usichana wake hajaacha mgomba uliokwisha kuzaa usimame. Huo ni uvivu, watu watakusema.

Akanivuta kunionyesha mtoto. Chipukizi la kijani pembeni ya kisiki. Ameliwekea samadi, amelizungushia nyasi vizuri kabisa.

Lakini lile ni la shina la chini, mtufaha mwitu! Tawi la tufaha langu liliungwa juu yake. Chipukizi lile halitazaa tufaha langu hata siku moja.

Nilipiga kelele. Mimi, kumpigia kelele Mama! Alishusha panga, akauliza kwa sauti ndogo, "Nimekosa nini, Gaudi?" Nimejaa aibu, na hasira haijatoka.

Matawi alikuwa ameyafunga mzigo wa kuni. Nimeyafungua, nimeyatia kwenye mitungi ya maji ndani ya stoo. Vitumba bado vibichi.

Jumamosi, 25 Septemba

Nabadilisha maji asubuhi na jioni. Mama anayachota yeye, anayaacha mlangoni. Haulizi kitu.

Alhamisi, 30 Septemba

Yamechanua. Stooni, kwenye mitungi! Meupe, na wekundu kidogo pembeni. Nilikuwa sahihi. Sahihi kabisa! Na nani ataamini kuni za kwenye mtungi? Bwana Shamba atataka mti.

Nimewaza jambo baya.

Ijumaa, 1 Oktoba

Nimelifanya. Namba kumi nimeunyonyoa majani. Matawi matatu nimeyafungia pale kwa nyuzi za mgomba, mafundo nimeyaficha kwa udongo. Kibao cha namba tisa nimekihamishia hapo. Kisiki nimekifunika nyasi nyingi.

Mama alipita na kapu lake. Akatazama mti, akanitazama mimi. Akauliza, "Huyo mgeni wa kesho ndiye atakayekuhukumu?" Nikasema ndiyo, Mama, ndiye. Akaenda zake.

Jumamosi, 2 Oktoba

Naandika nimesimama, stooni. Bwana Shamba amenituma nilete rejista. Amefurahi! Ameshika ua kwa vidole viwili. Amesema bustani haifungwi, ataomba miche mia mbili. Mia mbili! Nami nikaitikia, ndiyo Bwana, ndiyo Bwana. Njia yenyewe ni ya kweli. Ukinyonyoa majani mti unachanua — hapo sijadanganya. Nimedanganya kuhusu mti tu.

Rejista ninayo mkononi. Naogopa kutoka.

Nawaona dirishani. Mama amekuja na kanga yake ya kanisani. Amepiga magoti kumwamkia. Sasa ameinuka, anamwashiria amfuate — siyo huko, Mama! Wamefika kwenye nyasi zangu. Anazifunua. Kisiki hicho. Anajigonga kifua, anaonyesha kwa mkono jinsi panga lilivyoshuka. Namsikia. Anasema ni yeye aliyeukata, ahukumiwe yeye, mwanawe hana kosa.

Bwana Shamba hajui Kinyambo, lugha yetu, hata neno moja. Anatabasamu. Ameona kisiki, sasa anatazama kibao, anarudi kutazama kisiki.

"Gaudiosus! Mama yako anasema nini?"

Ameita mara mbili. Mama naye amegeukia huku, ananiita. "Njoo, Gaudi. Mwambie."