Gari la Kupapasa

Heru Juu, Kasulu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua Kassimu ndiye anayekusomea. Basi kaka, soma polepole na usiruke maneno. Umeamkaje, Baba? Unakula? Mama aliniambia sahani yako inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Mimi mwili ni mzima. Huku mvua zimeshika na njia ya kwenda mjini ni utelezi mtupu, hata bodaboda tunashuka tunasukuma.

Siku Kassimu aliponipigia kwamba daktari amesema macho yako hayatarudi, nilikuwa shuleni. Nikakata simu, nikaendelea kufundisha kugawanya. Sikulia. Mpaka leo sijalia, Baba, na naona aibu kukuambia. Nimeingia ganzi tu. Nakula, nalala, nasahihisha madaftari. Ruhusa niliomba, nikaambiwa nisubiri shule zifungwe.

Kisha nikasikia umegawa vifaa vyako vyote vya gereji, hata bomba la kupulizia rangi, eti fundi kipofu ni wa nini. Siku hiyo nilichukua kopo la mafuta ya kupikia nikalikata kwa mkasi, wala sikujua naanza nini.

Nimekutengenezea lile gari lako la zamani, lenye mapezi nyuma, ulilolifufua kutoka kwenye vyuma chakavu. Nimefuata picha ile tuliyopiga sikukuu. Kila futi ya gari lako nimeifanya inchi moja. Matairi ni kandambili, bampa ni mpini wa kijiko. Puti ya kusawazishia bati nilipewa na fundi mmoja wa Kasulu. Nikapaka, nikapiga msasa, nikapaka tena, kama nilivyokuwa nakuona.

Jirani yangu, Mama Nestori, alinikuta barazani nimejaa vumbi jeupe, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mwalimu! Unamtengenezea mtoto gani?"

"Ni la baba yangu."

"Yoo! Mzee mzima achezee gari?" Akacheka weee, halafu akakaa akanishikia mlango wa gari mpaka gundi ikakauka.

Rangi ni ya kucha, damu ya mzee ileile. Nilimaliza vichupa vyote vya duka moja pale mjini, mwenye duka akaniuliza harusi ni ya nani. Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja.

Wewe ukimaliza gari ulikuwa unafumba macho, unapitisha kiganja toka boneti mpaka buti, kutafuta wimbi kwenye puti. Ulisema mng'aro unayadanganya macho. Nami nimefumba, nimepapasa pote. Kiganja changu hakisikii kitu.

Mwalimu mwenzangu anakuja Tanga kujifungulia kwao. Gari analo yeye, kwenye boksi lenye maganda ya maharage. Kassimu, ukilipokea mpe Baba mkononi, usimwelezee lolote.

Mama nampa shikamoo, na uji wa pilipili manga anaoujua yeye tu nimeutamani. Nisalimie bibi mzaa mama, na wifi yangu, mke wa Kassimu, mwambie kanga yake naivaa. Mama Nestori naye anakusalimu, Baba, ingawa bado anakucheka.

Kosa lipo kwenye hilo gari, Baba. Hujawahi kulikosa kwenye kazi ya mtu yeyote. Litafute, kisha nipigie uniambie ni upande gani. Kassimu akubonyezee namba tu, halafu akuachie simu.

Binti yako,
Mwanaidi