Nta Chini ya Pedali ya Breki

Gereji, Shanwe,
Mpanda.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko Tukuyu haijakurudishia kile kifua, na mgongo wa Mama umepata nafuu. Yule ng'ombe mweupe ameshazaa? Mimi ni mzima wa mwili. Huku ni jua tu, ukianika shuka ukageuka, limekauka. Samaki wa migebuka nimekula mpaka nimeanza kunenepa, mkiniona mtasema nimeolewa.

Barua hii uisome mwenyewe. Usimpe Ambele akusomee kwa ile sauti yake ya mtangazaji. Kwenye simu nilijaribu mara mbili, ulipoitikia nikaishia kuuliza habari za migomba. Nimepatwa na jambo, Baba.

Mwezi uliopita Mwalimu Rehema, anayefundisha shule ya msingi jirani na gereji yetu, alileta gari lake dogo. Taa za breki zilikuwa hazizimiki hata gari likiwa limelala, na asubuhi anakuta betri imekwisha. Ni tatizo dogo. Juu ya pedali ya breki kuna swichi yenye kipini. Ukiachia pedali, inakibonyeza kile kipini na taa zinazima. Ukikanyaga, kipini kinachomoza na taa zinawaka. Pale kipini kinapogusa pedali pana kiplastiki cha ukubwa wa kifungo cha shati. Gari likizeeka hicho kiplastiki kinasagika, linabaki tundu, kipini kinazama ndani yake, na swichi inadhani mtu amekanyaga breki kutwa nzima.

Kiplastiki chenyewe Mpanda hakikuwepo. Siku zote mimi hukata mpira wa kandambili nikaziba tundu, na unakaa miaka. Siku hiyo kandambili sikuwa nayo, Mwalimu amesimama mlangoni na bahasha za mitihani kwapani, anatazama saa. Kwenye boksi langu la vifaa kulikuwa na donge la nta. Wafuga nyuki wa Ugalla hutuletea, tunazibia matundu madogo madogo. Nikafinyanga, nikabandika, nikakandamiza kwa dole gumba. Taa zikazima. Nikamwambia, "Mwalimu, tayari." Sikumwambia ni ya muda, sikumwambia arudi. Unanijua ninavyopenda sifa.

Wiki mbili baadaye, Mwalimu akitoka shuleni mchana, mbuzi walikatiza barabara. Akafunga breki, na kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yake akamvaa. Kijana anaitwa Nestori, wazazi wake ni wakulima kule Mishamo. Mguu ulivunjika chini ya goti. Aliyegonga nyuma ndiye mwenye kosa, hivyo pikipiki yake ikazuiwa kituoni na yeye akaambiwa akipona atajibu kesi. Pale kitandani hospitalini alisema neno moja tu, kila aliyemuuliza: "Taa ya breki ilikuwa inawaka tangu sokoni. Gari linakimbia, taa inawaka. Sasa mimi ningejuaje kama ndiyo anasimama?"

Hakuna aliyemwamini. Mwalimu naye haoni taa za nyuma akiwa kwenye usukani, alisema anachokijua. Mji mzima ulicheka, na mimi nilicheka, Baba. Nilisema hapa gereji, mdomo umejaa mihogo, "Huyo taa aliiota." Watu wakashika mbavu, nikajiona mchekeshaji kweli kweli.

Jumatatu gari likaletwa. Mwenye gereji, Fundi Masanja, akachukua kazi ya bampa, mimi nikapewa taa. Tuliambiwa taa iliyosalia iliwaka kituoni mpaka betri ikafa, na kwamba bila shaka nyaya ziligusana kwa kishindo cha ajali. Nikaweka betri nyingine, taa ikawaka. Nikafuata nyaya za nyuma, zote nzima, hakuna hata moja iliyochubuka. Nikachomoa waya kwenye swichi ya pedali, taa ikazima. Nikaurudisha, nikakibonyeza kipini kwa kidole, taa ikazima tena. Swichi nzima! Basi nikalala chali chini ya usukani, tochi mdomoni, nitazame pedali.

Nikaiona nta. Kipini kimeitoboa katikati. Gari lilishinda juani uwanjani pa shule, vioo vimefungwa, nta ikalegea. Na pembeni mwa lile tundu, Baba, kulikuwa na alama ya dole gumba iliyokatwa na mstari wa kovu kutoka juu mpaka chini. Kovu langu. Lile unalolijua wewe.

Tochi iliniponyoka mdomoni ikanipiga kwenye koo. Sikusikia maumivu. Nilibaki nimelala pale, nikirudia peke yangu kama kichaa, "Aliona kweli. Aliona kweli."

Masanja akanivuta miguu. "We Tusekile, umelala?" Nikamwonyesha. Akaitazama nta, akanitazama mimi, akafunga mlango wa gari taratibu.

"Finyanga hiyo, tupa," akasema. "Umeniskia? Aliyegonga nyuma ana kosa, kila mtu anajua. Hakuna atakayekuuliza. Unataka gereji ifungwe?"

Ilikuwa rahisi, Baba. Nta kwa joto la huku, ukiisokota mara moja inakuwa gololi. Nilikuwa nimeshaibandua, iko kati ya vidole viwili, bado kuibana tu. Nikakukumbuka wewe, nikaacha. Sababu nitaisema mwisho.

Nilinunua chupa ya maji ya baridi, nikaikata shingo, nikaitumbukiza nta humo isiyeyuke, nikapanda bajaji mpaka kituoni. Nilimkuta afande mmoja, mama mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika maelezo, akanisogezea kalamu niweke saini.

"Afande, naomba wino wa dole," nikasema.

"Kwani hujui kuandika?"

"Najua. Ila nataka uone."

Nikabonyeza dole gumba kwenye karatasi. Akaitoa nta majini kwa ncha za vidole, akaiweka kando ya ile alama, akavaa miwani. Akaufuata mstari wa kovu kwa ncha ya kalamu, kwenye nta, halafu kwenye karatasi. Kisha akasema, "Mwanangu, ungeweza kukaa kimya." Nikamjibu ndiyo, ningeweza.

Wamemwita mkaguzi wa magari, faili linaangaliwa upya. Kitakachonipata sijui. Mwalimu Rehema alilia, halafu akanisema mbele ya watoto wa shule, na alikuwa na haki. Masanja amesema nisikanyage gereji mpaka aniite. Naogopa, Baba, nisikufiche.

Ila jana nilikwenda hospitali. Nestori amelala mguu juu, mama yake amekaa chini kwenye kanga, uso ameinamisha. Nilisikia amekuwa hivyo tangu watu waanze kumwita mwanawe mwongo. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea anitukane. Nestori akanitazama tu, kisha akasema polepole:

"Dada, rudia. Rudia, mama asikie."

Nikarudia. Yule mama akainua uso. Sikuweza kubaki, nilitoka nje nikalia kando ya bomba la maji mpaka wauguzi wakadhani nimefiwa.

Sasa ile sababu. Nilikuwa na miaka minane. Ulikuwa unakata majani ya ng'ombe, mimi nikapeleka mkono, panga likaniparua dole. Haikuwa kusudi, sijawahi kudhani hivyo hata siku moja. Lakini Mama alipokuja mbio, ulimwambia nilikuwa nachezea panga. Akanichapa huku kitambaa nilichofungwa doleni bado kinavuja damu. Mpaka leo kwenye kila sherehe nasimuliwa kuwa ndimi yule mtundu wa panga, watu wanacheka, na wewe unainuka kwenda kuangalia ng'ombe. Nimekuona kila mara, Baba. Nilikuwa sijui umebeba mzigo wa namna gani, mpaka nilipoushika mwenyewe kati ya vidole viwili.

Nisalimie Bibi, mwambie asali ya Ugalla nimemtunzia. Nisalimie shangazi Sekela na maparachichi yake, na mdogo wangu Ambele asome kwa bidii. Mama usimpe salamu zangu kwanza. Mwite, akae, umweleze habari ya panga. Akishasikia, ndipo umwambie nampenda.

Mwanao asiye na kinyongo,
Tusekile