Chumba cha Mishale Hakipangishwi

Ni mwaka mzima sasa, Baba Watoto, tangu ulipofunika jiko la karakana ukasema mishale iliyobaki utaimalizia kesho. Kesho yako Mungu aliipangia mambo mengine. Ulilala na homa, homa ikapanda, na kabla wiki haijaisha tukawa tunakusindikiza. Mungu hatumwulizi kwa nini. Ila wapo watu wengine tunaotaka kuwauliza, na leo tunakuandikia wewe ili na wao wasikie.

Tuanze na mazuri, maana ndiyo mengi.

Ulikuwa mtu wa kufumba jicho moja. Hukuweza kushika kitu kirefu bila kukiinua usawa wa pua na kukichungulia kama kimenyooka: mpini wa ufagio, rula ya mtoto, mwiko. Siku ya kwanza ulipokuja nyumbani kwetu kujitambulisha, uliichukua fimbo ya baba yangu iliyoegemezwa ukutani ukaichungulia mbele ya wazee wote. Baba akauliza, "Huyu amefuata mke au amefuata fimbo?" Mtaani walikuita Jicho Moja, nawe uliitika.

Ukiwa kazini ulipiga mluzi nyimbo za kanisani. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili ukakupotea, ukarudi wa kwanza bila aibu. Aliyekuja kukusalimia ulimfutia stuli kwa shati lako mwenyewe, na shati hilo lenye gundi nililifua mimi. Nilinung'unika sana. Sasa hakuna wa kunung'unikia, na sabuni inakaa muda mrefu.

Mishale ilianza kama mchezo wako wa jioni, enzi zile ukiwa mtunza stoo wa kiwanda cha samani. Mbao zilizokuwa zinatupwa uliziomba, ukazichonga vijiti vya mviringo, ukavipasha juu ya mkaa na kuvinyoosha kwa vidole, ukatia manyoya nyuma na ncha mbele. Uliwagawia bure wenzako wa chama cha kulenga shabaha, kule uwanjani wanakopiga vibao vya majani makavu. Kisha kiwanda kikapunguza watu, nawe ukarudi nyumbani na koti lako na kikombe chako cha chai. Asubuhi yake ulikitoa kile kitanda kibovu kwenye chumba cha nyuma, ukafagia, ukaingiza meza.

Nikakuuliza, "Sasa tutakula mishale?"

Ukasema, "Hapana, Mama Watoto. Tutaiuza, halafu tutakula chakula."

Mdogo wako akaja siku hiyo hiyo, akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Kaka, wenzako wakiachishwa kazi wanafungua duka. Wewe unarudi porini kuwinda?"

Wala hukuinua uso. Ulimwambia, "Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Wakacheka wengi. Hata dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi alinivuta pembeni akaniuliza kama mume wangu yuko sawa kichwani. Nilimjibu kwamba mume wangu yuko sawa, na kama ana mashaka aje amwone anavyofanya kazi. Hakuja. Aliyekuja ni mwalimu wa michezo wa shule ya wasichana. Mwalimu yule alichoka kununua mishale ambayo kila mmoja una tabia yake: huu unakwenda juu, huu unakwenda kushoto, na wasichana wanadhani kosa ni lao. Ulimsikiliza mpaka akamaliza. Tangu siku hiyo kila kijiti ulikilaza juu ya misumari miwili, ukakining'inizia jiwe katikati, ukatazama kinapinda kiasi gani. Vinavyopinda sawasawa ndivyo vilivyokwenda pamoja katika podo moja, yaani mfuko mmoja wa mishale. Ndipo watu walipoanza kukutafuta, na wengine walitoka mbali.

Kilichopinda vibaya ulikivunja kwa goti. Mteja mmoja alikuomba umpunguzie bei akichukue hivyo hivyo. Ukamwambia, "Nikikuuzia huu, ukikosa shabaha utasema ni mshale wa nani?" Kisha ukauvunja mbele yake. Niliumia roho, lakini alirudi, tena na mwenzake.

Mimi ulinipa kazi ya manyoya. Mfugaji wa bata mzinga alitujazia magunia, hata mama yako akawa anauliza, "Ni bata gani huyu asiyeisha manyoya?" Ulinikalisha kwenye mkeka, ukanifundisha kwa upole kama mtu anayefundisha kusali. Nyoya la bawa la kushoto linalala huku, la kulia linalala kule. Mshale mmoja unavaa manyoya ya upande mmoja tu. Ukiuchanganyia, ulisema, mshale utagombana na nafsi yake angani. Basi tukawa na kapu la kushoto na kapu la kulia, na miaka yote ile hatukuchanganya.

Sasa sikiliza yaliyofuata, kwa sababu baadhi yake yamesimuliwa mtaani kwa namna nyingine.

Viti vya msiba vilikuwa bado havijarudishwa vilikoazimwa nilipomkuta mdogo wako karakana na futi ya kupimia, anapima mlango. Alikuwa ameshasukuma meza yako ukutani. Vijiti vyako amevifunga kamba kama kuni. Na yale makapu mawili, ameyamimina yote kwenye gunia moja.

Nikamwuliza, "Shemeji, unafanya nini?"

"Nakusaidia, shemeji. Chumba hiki kitapata mpangaji. Mwanamke peke yako utafanya nini na mishale?"

"Na manyoya umeyachanganya."

Akatazama gunia, akanitazama mimi. "Shemeji, si yote ni manyoya?"

Nilipiga magoti pale pale, siyo kwa ajili ya kumwomba yeye, nikamwomba Mungu anizuie mdomo. Aliuzuia. Mikono hakuizuia. Nililivuta gunia nikaketi kwenye mkeka, nikaanza kutenga. Binti yetu mkubwa akaja akaketi upande wa pili bila kuitwa. Tulitenga mpaka wageni wakaanza kuingia humo kutupa pole, na kila aliyeinama kutusalimia alipata unyoya kwenye nguo. Mdogo wako aliondoka na futi yake.

Lakini aliyeondoka ni yeye, maneno yalibaki. Mtaani ikasemwa kwamba mjane amechanganyikiwa, anachezea manyoya. Ikasemwa karakana imefungwa. Wateja wawili wakaenda kwingine kwa sababu hiyo, na tunawaambia leo kwamba hawakuambiwa kweli. Yule dada wa maombi naye akarudi. "Mwenzangu," akasema, "mishale si kazi ya mjane. Mwombe Mungu akupe kazi ya kike."

Nikamwambia, "Nimeomba. Amenijibu nikiwa nimeshika gundi."

Ile oda ya wasichana wa mwalimu uliiacha katikati, na mashindano yao yalikuwa yanakaribia. Mwalimu alikuja akasema kwa heshima kwamba anaelewa, tusijisumbue. Binti yako akamwambia, "Tupe nafasi, mwalimu." Aliyatamka kwa ile sauti yako ya chini, nikageuka nikidhani ni wewe.

Podo la kwanza tulilopeleka lilirudi. Mwalimu hakutuficha: "Mama, manyoya hayana tatizo lolote. Vijiti ndivyo havifanani." Tulikuwa tumepima kwa haraka, tukaamini macho badala ya jiwe. Njia nzima binti alilia. Tulipofika nikamwambia anawe uso, akunje mikono ya gauni, alete jiwe. Tukavilaza vijiti vyote upya, kimoja kimoja, na vile vilivyokataa tukavivunja. Mimi goti langu halina nguvu kama lako, kwa hiyo nilivivunjia kizingitini. Mishale ya podo la pili mwalimu aliipiga akiwa uwanjani mbele yetu. Alikwenda kwenye kibao, akarudi na mishale yote mkono mmoja, maana ilikuwa imekaa pamoja, akauliza, "Mapodo mengine yatakuwa tayari lini?"

Wasichana walishindana na mishale yetu. Hawakuwa wa kwanza, tusidanganye. Lakini hakuna aliyelalamikia mshale wake, na shule mbili nyingine zimekuja kuagiza baada ya kuwaona.

Ulipaswa kuwepo siku kinyozi alipokuja, ungecheka mpaka ukohoe. Tulikuwa kazini, binti anazungushia nyuzi, mimi na manyoya, tukaona kioo kikubwa kinaingia mlangoni, na nyuma ya kioo miguu ya mtu.

"Hodi. Nimekuja kwenye chumba changu," kikasema kioo.

"Karibu," nikasema. "Chumba chako kipi?"

Akateremsha kioo taratibu. Akatazama meza, akatazama jiko, akatutazama sisi. "Niliambiwa hakuna mtu."

"Nani alikuambia?"

Akamtaja mdogo wako. Alikuwa ameshampa fedha ya kushikia chumba, maskini, na kiti chake cha kunyolea kilikuwa nje kwenye mkokoteni. Tulimpa maji ya kunywa. Hatukuwa na ugomvi naye. Nilimwambia tu kwamba chumba hiki kina kazi, na fedha yake aidai kule alikoipeleka. Alipotoka aligeuka akasema, "Mama, mimi kweli sikujua kama kuna watu."

"Sasa umejua," binti akamjibu. "Na ukiulizwa, usione haya kusema."

Mdogo wako alikuja jioni hiyo amefura. Akasema tumemwaibisha. Akasema kiwanja ni cha ukoo, mjane hana neno. Alisema mengi, na mimi niliendelea kutenga, kwa sababu nikiacha mikono, mdomo unafunguka. Ndipo mama yako, aliyekuwa ameketi barazani tukidhani amesinzia, akamwita kwa jina lake la utotoni. Jina hilo sitaliandika hapa, nitamstahi.

"Kiwanja ni changu," akasema. "Nilikinunua na baba yenu tukiwa na njaa. Na mimi bado napumua, mwanangu. Labda usubiri kidogo."

Mdogo wako akaondoka. Tulidhani yameisha.

Hayajaisha. Tumesikia, na tumesikia kwa zaidi ya mtu mmoja, kwamba anapita akisema siku ya kumbukumbu yako, baada ya maombi, ukoo utakaa na kulimaliza suala la chumba, na kwamba mama ni mzee, hajui tena anachosema. Baba Watoto, mama yako anajua anachosema. Juzi alinikosoa kwa unyoya mmoja wa kulia niliouweka kushoto, aliuona kutoka alipoketi.

Basi tunawatangazia wote. Maombi ya kukukumbuka yatafanyika Jumapili baada ya ibada, nyumbani, na hayatafanyika sebuleni. Yatafanyika karakana. Tumeshamwomba mchungaji naye amekubali, ameuliza tu kama kuna mahali pa kukaa. Meza haitasogezwa. Vijiti havitafungwa kamba. Kila ndugu atakayekuja ataketi kati ya kazi yako, na mwenye neno juu ya chumba atalisema humo humo, mbele ya mama yako, mbele ya mchungaji, mbele ya wasichana wa mwalimu waliosema watakuja na pinde zao. Tutamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Jibu letu tunalitoa mapema ili asichoke njiani: hapana.

Najua ungetaka niseme kwa upole zaidi. Nimejaribu, mume wangu. Nimeandika mara nyingi, hii ndiyo ya upole.

Nakukumbuka kila ninapoamka na upande wako wa kitanda umetandikwa. Nakukumbuka mkaa ukishika. Watoto wanakukumbuka kwa namna zao. Mtoto wetu wa mwisho ameanza kuchungulia vijiko, na hakuna aliyemfundisha. Kwa Mungu tunakuombea pumziko, na kwa hapa duniani tunakuahidi kwamba ulichokianza hakitafia mikononi mwa anayekiita mchezo.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, mkeo, binti yako mkubwa, ambaye sasa ndiye fundi wa karakana na ndiye wa kuulizwa kuhusu oda, wadogo zake wote, dada yako aliye mbali, mwalimu wa michezo na wasichana wake, wenzako wa chama cha kulenga shabaha, na mfugaji wa bata mzinga. Unakumbukwa pia na mdogo wako. Hatukumwomba ruhusa kumwandika. Tulimwona siku ya mazishi akilia mpaka akashikwa mikono, na kilio kile hakikuwa cha chumba. Stuli yake ipo, tumeifuta.

Hatutakusahau siku zote tutakazopewa, Baba Watoto. Jumatatu tuko kazini.