Pini ya Sitini na Moja

Chumba cha nyuma, duka la vitambaa,
Jumapili mchana

Kwako Dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako, salamu za mtu aliyekaa siku nne na karatasi tupu mbele yake. Natumaini zinakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba lile goti lako limepunguza ukaidi. Mimi mwili hauna neno. Kile kidole gumba ulichonibania mlangoni tulipokuwa wadogo bado kimepinda vilevile, na bado kinauma mvua ikikaribia, kwa hiyo sihitaji redio kunitabiria hali ya hewa. Kila kikiuma nakukumbuka, na si kwa mema tu. Mwanao hajambo? Nauliza huku nikijua sistahili jibu. Sababu utaiona mbele, ila nakusihi usome mpaka mwisho kabla hujaniapiza.

Barua yako niliipata. Umeniomba radhi kwa aibu aliyonitia mwanao kazini, na umenishukuru kwa subira niliyokuwa nayo kwake. Umesema tangu arudi hajagusa udongo, brashi zake amezifunga ndani ya soksi kuukuu, na mwisho wa mwezi huu anaanza kazi ya kuuza tiketi dirishani, kwa sababu anasema mkono wake hauna kitu. Dada, nilisoma ile radhi yako nikiwa nimesimama, ikanibidi nitafute kiti.

Basi ngoja nianze mbali kidogo, maana nikianza karibu nitakimbia.

Uliponiletea mwanao miaka miwili iliyopita uliniambia udongo uwahi ungali maji, nimfundishe kazi, ili nami nizeeke nikiwa na mwenzangu mezani. Nilifurahi, na sikuwa naigiza. Unajua nimekaa kwenye chumba hiki miaka kumi na minane nikitengeneza pini za kupamba nguo, peke yangu, mwenye duka akiuza vitambaa mbele na mimi nikijisemesha huku nyuma. Hapa wananiita Msasa. Nikiuliza ni kwa sababu ya kulainisha kingo za pini au kwa sababu ya ulimi wangu, wanacheka tu.

Nilimfundisha. Udongo wetu huu hauingii tanuri, hukauka wenyewe kwa hewa. Nilimwonyesha kuusukuma kwa chupa mpaka uwe bapa, kuukata kwa kisu chembamba, kuchora mistari kwa kijiti cha meno, na kukwaruza sehemu mbili na kuzilowesha kabla ya kuziunganisha. Nilimwonyesha kulaza pini juu ya wavu na kuzigeuza asubuhi na jioni zisijikunje. Siku tatu, nilimwambia. Zikikauka unapiga msasa, unapaka rangi, unapaka vanishi mara mbili, unabandika kishikizo cha chuma kwa nyuma, kazi imekwisha.

Lakini kuna jambo moja sikumfundisha. Pini inaweza kuwa kavu kwa nje na ndani ina maji, hasa ikiwa nene. Macho hayaoni, na kucha haziambii kitu. Mimi huiweka shavuni. Ikiwa bado ina maji huwa baridi, hata siku ya jua kali. Ikikauka sawasawa huwa na joto lako mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha, niliigundua baada ya kuharibu pini nyingi. Mwanao aliniona siku moja nikifanya hivyo, akaniuliza kwa nini naziweka pini shavuni. Nikamwambia jino linaniuma na udongo unalipoza. Kesho yake akaniletea karafuu za kutafuna.

Nilizitafuna, Dada. Nilitafuna karafuu wiki nzima kwa jino lisilouma.

Utaniuliza kwa nini nimfiche mtoto wa damu yangu. Kwa sababu wakati ule roho ilikuwa imeshaanza kuniuma. Mimi hutengeneza waridi. Waridi langu ni zuri, kila ua lina majani saba, na mtu akilivaa anapendeza. Mwanao, mwezi wake wa nne tu hapa, alitengeneza kuku anayemtazama mtu kwa jicho moja kama aliyemnyima mtama. Watu walikuwa wanaingia dukani kununua kitambaa, wanamwona yule kuku, wanacheka peke yao. Wakaanza kuuliza yule binti leo yupo. Yupo, nasema, na mimi pia nipo. Hakuna aliyeniuliza zaidi.

Nikawa nauma na kupuliza. Mbele ya watu namsifia, tukibaki wawili namwambia kingo zake zina mawimbi, rangi yake imezidi, kuku hana shingo. Yeye anasema asante mama mdogo, anarekebisha, na kile kinachotoka kinakuwa kizuri zaidi ya kile nilichokikosoa. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mtu mwenye kiburi ungeweza angalau kumchukia kwa raha.

Na nikuambie ukweli wote, nilikuwa nakuona wewe. Ulikuwa hivyohivyo tulipokuwa wadogo. Ukiimba watu wanaacha vijiko, nikiimba mimi mama ananituma maji. Nilidhani nimeuacha wivu ule nyumbani kwa wazazi, kumbe nilihama nao.

Kisha likaja agizo la wakunga. Mkunga wao mkuu alikuwa anastaafu, na wenzake walitaka pini sitini, kila mmoja avae moja siku ya kumuaga. Mwenye duka akatuambia kila mtu atengeneze ya mfano, wachague. Mimi nikatengeneza waridi, tena jeupe, la heshima. Mwanao akatengeneza kiganja cha mkono kimeshika kisigino cha mtoto mchanga. Kidogo, kama kifungo cha koti, lakini unaona mikunjo ya unyayo, unaona jinsi vidole vinavyoogopa kubana. Walikuja wakunga watatu kuchagua. Mmoja alikigeuza, akamkabidhi mwenzake, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Waridi langu lilibaki kwenye sahani kama kipande cha sabuni.

Wewe unajua mimi sikujaliwa mtoto. Kisigino cha mtoto mchanga sijakishika ila cha wanao. Nilikitazama kiganja kile nikahisi nimeibiwa kitu ambacho hata sikuwahi kuwa nacho.

Alitengeneza sitini na moja, moja ya akiba. Yaliyofuata unayajua, maana alikusimulia mwenyewe. Siku ya kuaga, katikati ya hotuba, vanishi ilikuwa imeshageuka nyeupe kama ukungu, visigino vikaanza kupasuka, na vishikizo vikaachia vikaanguka sakafuni kimoja baada ya kingine mpaka watu wakaacha kusikiliza hotuba. Mwenye duka alipotuita, mwanao alisimama mbele yangu na kusema, "Ni mkono wangu. Mama mdogo alinifundisha vizuri." Nami nikatazama chini kama mtu mwenye huzuni. Jioni alikunja nguo zake, na mimi nikamsaidia kufunga zipu ya sanduku. Kisha nikakuandikia ile barua kwamba bidii anayo lakini mkono hana.

Ningeweza kuishi hivyo, sikufichi. Wiki mbili za kwanza nililala vizuri tu, na watu walinunua waridi kwa sababu hapakuwa na kingine.

Lakini Jumatatu, siku moja baada ya kupata barua yako, akaingia mama mmoja mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea kuamka haraka. Alikuwa yule mkunga mkuu. Amevaa kifuani kisigino kimoja alichookota siku ile ya kuagwa. Kimepasuka katikati, amekiunga kwa gundi, nyuma amekishonea kwenye nguo kwa uzi kwa sababu kishikizo kilishatoka. Akasema anamtafuta binti aliyekitengeneza. Nikamwambia zile pini zilikuwa na kasoro, na tunasikitika. Akasema kasoro ameiona, hana shida nayo. Ameshika visigino vya watoto miaka thelathini na hajawahi kuona mtu mwingine aliyejua jinsi mkono unavyotetemeka pale. Anataka wenzake wote watengenezewe upya, na atakayezitengeneza ni binti yule, si mwingine. Nikamwambia ameondoka. Akauliza kwa nini. Mwenye duka alikuwa nyuma yangu na kipimio chake shingoni, naye pia alikuwa anasubiri jibu.

Dada, sasa nimefika pale nilipokuwa nazunguka.

Wiki ya agizo lile ilikuwa ya mvua, hewa nzito, hata chumvi ilikuwa inashikana. Pini zile zilikuwa nene kwenye kiganja. Siku ya tatu ilipofika mwanao hakuridhika. Alikuwa na wasiwasi wa mtu anayejua bila kujua anachojua. Akanishikia moja, akaniuliza, "Mama mdogo, zimekauka?"

Nikaichukua. Nikaiweka shavuni mbele yake. Ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Siku mbili zaidi tulikuwa nazo, agizo lisingechelewa. Nikamtazama usoni, nikamwambia, "Zimekauka. Paka."

Akapaka. Akafungia maji ndani kwa mkono wake mwenyewe, kwa neno langu. Hakuwa na kosa lolote. Mkono wake hauna kosa, ni mdomo wangu.

Na bado kuna jingine. Ile ya sitini na moja, ya akiba, aliitafuta asubuhi ile akadhani alihesabu vibaya. Mimi ndiye niliyeichukua kutoka kwenye wavu kabla hajapaka kitu, nikaificha kwenye droo yangu. Nilitaka kuiiga. Nilijiambia akishaondoka nitatengeneza visigino vyangu, na watu watasahau vilianza kwa nani.

Jumatatu hiyohiyo nikamwambia mkunga nitamuulizia binti, na alipokwisha kuondoka nikaitoa ile pini drooni. Ilikuwa nzima, Dada. Udongo uleule, siku ileile, imekauka polepole bila vanishi, haina hata ufa wa unywele. Nikaiweka mbele yangu niiige. Kisigino nikakipata kidogo. Mkono haukuja. Vidole vinne vilikuja, lakini gumba lilikataa. Kila nikilinyoosha pini inakuwa si yenyewe. Mwisho nikaweka mkono wangu mwenyewe mezani niutumie kama mfano.

Gumba la pini limepinda, Dada. Limepindia ndani kwenye kiungo cha juu, upande uleule. Ni mkono wangu.

Nikakumbuka niliwahi kumsimulia, siku za mwanzo tulipokuwa tunapendana, kwamba alipozaliwa wewe ulikuwa hoi, na mkunga alikuwa anakushughulikia, na mimi ndiye niliyepewa kumshika. Nilimwambia niliogopa mno kumwangusha hata nikamshika kisigino. Nilimsimulia mara moja tu, huku nikipiga msasa, wala sikumwona kama anasikiliza.

Basi nililia, na sikulia kwa uzuri.

Ijumaa nilimwambia mwenye duka yote. Hakunikemea. Alivua kipimio chake shingoni, akaniuliza ule uongo ulifika mpaka wapi. Nikamwambia ulifika kwako. Akasema basi ukweli nao uende hukohuko. Jana alihamisha vitu vyangu kutoka meza ya dirishani, akaniweka karibu na mlango. Meza ya dirishani iko wazi mpaka mwisho wa mwezi. Mkunga atasubiri, na mwenye duka amesema mwanao akikubali, atakaa pale, na pini atakazotengeneza zitatoka kwa jina lake. Akitaka niondoke chumba hiki kabisa ndipo aje, nitaondoka. Nimeshamwambia mwenye duka hivyo.

Dada, sikuombi unitetee. Radhi uliyoniomba naomba uichukue tena, ni yako. Nakuomba kitu kimoja tu: msomee barua hii kabla hajaenda kwenye dirisha lile la tiketi. Usiruke mahali ili kunistiri. Ile ya karafuu nayo msomee.

Kwenye bahasha, ndani ya pamba, nimeweka pini yake. Sijaipaka rangi wala sijaipiga msasa, maana si yangu. Kabla hajasema neno lolote juu yangu, mwambie aiweke shavuni. Mwambie hivyo ndivyo inavyojulikana, na kwamba jino halikuwahi kuniuma.

Nisalimie shemeji, na umfikishie mwanao salamu ikiwa ataipokea. Asipoipokea, iache mlangoni.

Ni mimi mdogo wako, mwenye gumba lililopinda,

Msasa